Simu kuzimika kwenye baridi si lazima betri iwe mbovu

Kila Juni na Julai, Makete hadi Njombe, kwenye baridi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nasikia malalamiko yale yale: simu ina asilimia 30, inazima ghafla, basi betri ni feki, irudishwe dukani wabadilishe. Mara nyingi sivyo.

Betri ya lithiamu hutoa umeme kwa mmenyuko wa kikemia, na baridi huupunguza kasi. Ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha umeme kupita ndani ya betri, hupanda. Ukifungua kamera, simu inadai umeme mwingi kwa mpigo, volti inaporomoka, inajizima. Chaji haijapotea! Iweke mfuko wa ndani wa koti ipate joto la mwili, kisha iwashe. Apple yenyewe hutaja nyuzijoto 0 hadi 35 za Selsiasi kwa matumizi ya iPhone, na alfajiri yenye sakitu kule Kitulo hushuka chini ya hapo.

Jamani, msiiweke karibu na jiko la mkaa. Joto kali huiharibu betri kabisa. Wala usiichaji ikiwa baridi kama barafu: lithiamu hujibandika kwenye elektrodi (ncha ya ndani ya betri inayopitisha umeme), na dhara hilo haliponi.

Ikizima hata mchana wa jua, au betri ikivimba hadi kioo kuinuka, hapo chukua risiti urudi dukani.