Kidonda hakiponi upesi kwa kuachwa kikauke

Wengi tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo, kikishika kigaga ndiyo kinapona. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alilinganisha majeraha mepesi kwenye ngozi ya nguruwe: mengine aliyaacha wazi, mengine aliyafunika kwa utando wa polithini (plastiki nyembamba). Yaliyofunikwa yalijifunga kwa ngozi mpya takriban mara mbili kwa kasi.

Sababu ni hii. Seli za ngozi hutambaa kutoka kingoni mwa jeraha na kwenye mashina ya vinyweleo, nazo huhitaji unyevu. Sehemu ya juu ikikauka, hulazimika kupenya chini zaidi, zikikata njia chini ya kigaga.

Kwa mchubuko mdogo: nawa mikono, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka, paka vaselini kidogo, funika kwa kitambaa kisafi kisichonata. Badilisha kila siku, au mara kinapolowa au kuchafuka. Usimwagie unga wa vidonge vya antibiotiki. Huganda, huficha uchafu na huchochea usugu wa vijidudu dhidi ya dawa.

Unyevu si kulowa chepechepe. Ngozi ya pembeni ikigeuka nyeupe na kukunjamana, bandeji imekaa mno.

Mshono wa upasuaji kwa kawaida haufunuliwi saa 48 za mwanzo. Kitovu cha mtoto mchanga na kidole kilichokauka na kuwa cheusi kwa mgonjwa wa kisukari ni mambo mengine: hivyo huachwa vikavu, na kidole hicho kionwe na daktari haraka.