Malengelenge ya sehemu za siri: ugonjwa unaolala

Lengelenge ni kifuko cha maji juu ya ngozi, kama kile unachokipata ukiungua au ukivaa kiatu kinachobana. Malengelenge ya sehemu za siri yanafanana na hayo kwa sura tu. Haya huletwa na kirusi kiitwacho hepesi simpleksi. Neno hepesi limetoka kwenye Kigiriki cha kale, lina maana ya kutambaa, na matabibu wa enzi hizo walilitumia kwa vidonda vilivyoonekana kutambaa juu ya ngozi. Ningekuwa mimi ndiye wa kukipa jina kirusi hiki, ningekiita mlalaji, maana karibu kila swali ambalo watu huliuliza kukihusu hujibiwa na tabia yake ya kulala.

Kirusi huingia kupitia ngozi laini au mchubuko mdogo usioonekana, ngozi inapogusana na ngozi. Kikishazaliana hapo, hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye mafundo ya neva yaliyo karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na huko hujibanza. Hakizaliani, hakiumizi, na kinga ya mwili haiwezi kukiondoa. Siku kikiamka hurudi kwa njia ileile hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana vidonda hurudi palepale au jirani na pale, na ndiyo maana hadi leo hakuna dawa ya kukitoa mwilini. Anayekuuzia dawa ya kukimaliza kabisa anakuuzia maneno.

Kirusi chenyewe ni cha aina mbili. Aina ya 1 huwapata watu wengi tangu utotoni, na ndiyo inayoleta vile vipele vya mdomoni ambavyo wengi huvisingizia homa. Aina ya 2 huambukizwa hasa kwa kujamiiana na hukaa sehemu za siri. Lakini mipaka hiyo haina ukuta: kwa ngono ya mdomo, aina ya 1 huhamia chini bila shida, ingawa ikiwa huko huamka mara chache kuliko aina ya 2. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana aina ya 1, na wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana aina ya 2. Sehemu kubwa yao hawajui.

Safari ya kwanza ndiyo huwa kali, kwa yule anayepata dalili. Siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa, ngozi huanza kuwasha au kuchoma, kisha hutokea vilengelenge vilivyokusanyika pamoja. Hupasuka, huwa vidonda vyenye maumivu, na mkojo ukivigusa ni moto. Homa, uchovu na mtoki huweza kuandamana navyo. Bila dawa, vidonda huchukua wiki 2 hadi 4 kukauka. Vikirudi huwa vichache na hupona upesi zaidi, na kadiri miaka inavyosogea marudio hupungua. Wengi hujifunza kutambua dalili ya kuamka: mchonyoto, mwasho au ganzi mahali fulani, saa kadhaa kabla ya kipele chochote kuonekana. Kuna mtu ambaye kwake ugonjwa wote ni mkwaruzo mdogo anaodhani umetokana na kunyoa.

Sasa lije swali linalovunja nyumba nyingi kuliko vidonda vyenyewe: nani kamletea mwenzake? Watu wawili wameishi pamoja miaka 6, ghafla mmoja anatokwa na malengelenge, na papo hapo kesi inaanza. Mshtakiwa hana kidonda wala hajawahi kukiona, kwa hiyo huonekana mwongo. Lakini aliyetokwa na malengelenge leo anaweza kuwa aliambukizwa zamani, kabla hawajajuana, kirusi kikalala muda wote huo. Au mwenzake ndiye aliyekuwa nacho miaka yote bila dalili, maana kirusi huweza kutoka kwenye ngozi ambayo haina hata alama. Inawezekana pia kuna aliyetoka nje, sikatai. Ninachosema ni kwamba kidonda peke yake si ushahidi wa lini wala wa nani, na hakuna kipimo cha kuitatua kesi hiyo.

Kipimo kizuri ni cha kuchukua majimaji kwenye kidonda kikiwa bado kibichi, kwa hiyo usisubiri kipone ndipo uende kliniki. Kipimo cha damu huonyesha kinga ambayo mwili umetengeneza. Kinga hiyo huweza kuchukua wiki 12 au zaidi kuonekana, na majibu yake hayasemi kirusi kimekaa wapi. Kupima kuna faida nyingine: si kila kidonda cha huko ni hepesi. Kidonda cha kaswende, kwa mfano, mara nyingi hakiumi, na kaswende inatibika ikapona kabisa. Ni hasara kubwa kuichanganya na hii.

Dawa zipo, na namna zinavyofanya kazi inapendeza. Asikloviri, iliyotoka kwenye maabara ya Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1988, hukaa kimya mwilini mpaka ikutane na kirusi kinachozaliana. Kirusi chenyewe ndicho kinachoiwasha, kisha inakikwamisha. Kikiwa kimelala, haina wa kuiwasha. Kwa hiyo katika marudio dawa husaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku ya kwanza, au ule mchonyoto unapoanza. Mwenye marudio mengi anaweza kuandikiwa ya kumeza kila siku; hupunguza marudio kwa kiasi kikubwa, na hupunguza pia uwezekano wa kumwambukiza mwenzake. Kondomu nayo hupunguza, ila haifuniki ngozi yote. Dalili zikianza, ngono isubiri mpaka ngozi ipone kabisa. Vyoo na mabwawa ya kuogelea yaacheni, hayana kosa.

Mambo mawili hayafai kupuuzwa. Aliye na aina ya 2 ana uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kupata VVU akikutana navyo. La pili ni ujauzito. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, kabla mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga na kumgawia mtoto. Mama aliyekuwa nacho tangu zamani hatari yake ni ndogo sana, lakini mkunga na daktari waambiwe mapema: dawa huweza kuanzwa wiki ya 36, na vidonda vikiwepo uchungu unapoanza, upasuaji huwa njia salama zaidi.

Kumwambia mpenzi mpya ndiyo kazi ngumu. Usingoje mkiwa tayari kitandani, wala usianze kwa kulia kana kwamba unatangaza msiba. Mwambie una kirusi kinachotoa malengelenge, huwa kinalala, unajua dalili zake, na una dawa. Mpe nafasi aulize, na akitaka siku kadhaa za kufikiri, mpe. Huenda naye akakumbuka mkwaruzo fulani wa zamani.