Kodi ya Bomba: Jinsi Wainupiat wa Alaska Walivyojenga Serikali Yao ya Mtaa Juu ya Mafuta

Kila mafuta au gesi inapogunduliwa katika nchi zetu, mjadala huanzia kwenye asilimia. Kenya ilipotunga Sheria ya Petroli mwaka 2019, mvutano mkubwa ulihusu mgawo wa kaunti na wa jamii inayoishi kwenye visima, hadi ukawekwa kuwa asilimia 20 na asilimia 5 ya sehemu ya serikali. Katika kazi yangu ya kuchambua fedha za serikali za mitaa ninaulizwa mara kwa mara kama mgawo fulani unatosha, na ninapojibu huwarejesha waulizaji kwa Wainupiat, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, jimbo la Marekani, kwa sababu wao walitanguliza swali jingine: ni nani atakayekuwa na mamlaka ya kutoza kodi na kupanga matumizi ya ardhi pale mafuta yanapochimbwa?

Mafuta ya Prudhoe Bay, kwenye pwani ya kaskazini ya Alaska, yaligunduliwa mwaka 1968. Mwaka uliofuata jimbo la Alaska liliuza kwa mnada haki za uchimbaji na kujipatia takribani dola milioni 900 kwa siku moja, na Wainupiat, waliokuwa wakiishi na kuwinda katika nchi hiyo tangu enzi za mababu zao, hawakuambulia chochote. Desemba 1971 ikapitishwa sheria ya shirikisho ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wote wa Alaska, iliyowapa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5, lakini mali hiyo haikukabidhiwa serikali za makabila, bali iliwekwa katika kampuni ambazo wenyeji walifanywa kuwa wanahisa wake. Chama cha wenyeji wa pwani ya kaskazini kiliipinga, kikidai kwamba mgawanyo ulipaswa kufuata ukubwa wa ardhi ambayo kila jamii ilikuwa inaipoteza.

Hapo ndipo alipojitokeza Eben Hopson, mzaliwa wa Barrow, mji wa pwani hiyohiyo, aliyekuwa amehudumu kama seneta katika bunge la jimbo na aliyeijua katiba ya Alaska vizuri. Katiba hiyo inawaruhusu wakazi wa eneo lolote kuunda halmashauri yenye uwezo wa kutoza kodi, kuendesha shule na kupanga ardhi. Tarehe 1 Julai 1972 ikazaliwa North Slope Borough, naye akawa meya wake wa kwanza. Ni halmashauri yenye eneo kubwa kidogo kuliko Uganda nzima, lakini ina makazi manane tu na watu wapatao 11,000 kwa sensa ya 2020, wakiwemo wafanyakazi wa visimani. Kampuni za mafuta zilikwenda mahakamani kuizuia, zikisema eneo ni pana mno na watu wake wametawanyika mno kuweza kuwa na serikali moja ya mtaa, na mwaka 1974 Mahakama Kuu kabisa ya Alaska ikaamua kwamba halmashauri imeundwa kihalali.

Kodi yenyewe inastahili kuelezwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo moyo wa jambo hili. Mafuta yaliyomo ardhini hayatozwi. Kinachotozwa ni thamani ya mitambo, mabomba, pampu na majengo ya uchimbaji. Jimbo limeweka kiwango cha dola 20 kwa kila dola 1,000 za thamani, na kile ambacho kampuni inailipa halmashauri hupunguzwa kwenye deni lake kwa jimbo. Kwa hiyo mwekezaji hulipa kiasi kilekile, na kinachobadilika ni mahali fedha zinapokwenda: takribani dola 18 kati ya hizo 20 hubaki North Slope. Bei ya pipa inaposhuka duniani, bomba halihami, na bajeti ya shule haiyumbi kesho yake. Ningependa wataalamu wa kaunti zetu waitafakari hoja hii, maana Ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya inazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali, na bado mazungumzo yetu karibu yote yanahusu mgawo kutoka Nairobi.

Kabla ya halmashauri kuundwa, kijana wa Kiinupiat aliyetaka elimu ya sekondari alipelekwa shule ya bweni ya mbali, Sitka au hata Oregon. Leo kila kimoja cha vijiji hivyo vinane kina shule inayomfikisha mtoto hadi mwisho wa sekondari. Zilifuata zahanati, umeme na mifumo ya maji katika ardhi iliyoganda mwaka mzima.

Hata hivyo, tukio linaloonyesha vizuri zaidi uzito wa kuwa na hazina yako mwenyewe ni lile la nyangumi. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilifuta ruhusa ya wenyeji kumvua aġviq, nyangumi wa Aktiki ambaye ndiye chakula, sherehe na mpangilio wa jamii yao, kwa kuwa wanasayansi waliamini kwamba wamebaki wachache sana. Manahodha wa Kiinupiat walisema hesabu hiyo si sahihi: nyangumi hupita pia chini ya barafu, mbali na macho ya wanaohesabu wakiwa kando ya maji. Baada ya majadiliano, kwa mwaka 1978 waliruhusiwa nyangumi 12 wa kufikishwa nchi kavu au 18 wa kupigwa chusa. Jamii maskini ingeishia kulalamika. Halmashauri hii iliajiri wanasayansi wake yenyewe, ikagharimia vifaa vya kunasa sauti chini ya maji, na miaka ya utafiti ikathibitisha walichosema manahodha. Hesabu ya mwaka 2001 ilikadiria nyangumi zaidi ya 10,000, na ruhusa ya uvuvi ilikuwa imekwisha kuongezwa.

Fedha hizo zilileta pia aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 halmashauri ilikopa zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya ujenzi, na washauri wawili waliojitajirisha kwa mikataba hiyo walitiwa hatiani mwaka 1989. Mamlaka bila ukaguzi wa hesabu hufuja mali, awe mwenyeji au mgeni anayetawala.

Tatizo linaloniumiza zaidi halina mwizi. Mitambo huchakaa na thamani yake hushuka, na mafuta yanayopita katika bomba kuu linaloyapeleka kusini, yaliyofikia takribani mapipa milioni mbili kwa siku mwaka 1988, sasa hayafiki hata nusu milioni. Ili kulinda mapato yake, halmashauri inahitaji visima vipya. Ndiyo maana serikali ya Marekani ilipoidhinisha mradi wa Willow wa kuchimba mafuta Machi 2023, halmashauri na kampuni ya wenyeji ziliunga mkono, huku meya wa Nuiqsut, kijiji kilicho karibu zaidi na mradi, akipinga kwa ajili ya afya ya watu wake na njia za paa wa Aktiki wanaowindwa hapo. Pande zote mbili ni Wainupiat, na zote zilichaguliwa kwa kura. Mimi naona hoja ya Nuiqsut ina haki ya kupewa uzito kuliko ilivyopewa, kwa sababu kodi huenda katika vijiji vyote vinane, ilhali moshi na kelele za helikopta hubaki katika kimoja.