Fort Jesus: ngome iliyoangushwa kutoka ndani

Wageni wengi wakifika Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, hupita langoni mbio, wakapige picha na mizinga, kisha wapande ukutani kuiangalia bahari. Mimi ninaowatembeza huwazuia hapo hapo langoni. Juu ya mlango pana bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno, na humo Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27, anajisifu: amebomoa kuta za miji ya Pate na Siyu, amewaadhibu Wamijikenda, na kule Pemba amewaua watawala na wakubwa wa mji. Mtu aliyetulia haweki maneno kama hayo mlangoni pake.

Alikuwa na sababu ya kutotulia. Miaka minne kabla, ngome hii ilikuwa imewaponyoka Wareno kwa siku moja. Aliyeitwaa ni Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa ambaye Wareno walimwua mwaka 1614. Mtoto walimpeleka Goa, makao yao makuu huko India, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, halafu wakamrudisha awe mfalme wao mtiifu. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake kama mtu wa nyumbani, akamchoma kisu kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na mchezo ukaishia hapo. Mwanzoni mwa 1632 merikebu zilikuja kutoka Goa kumng'oa, zikashindwa. Aliihama ngome mwenyewe baadaye, baada ya kuiharibu.

Hili ndilo ninalotaka msomaji aende nalo kuta akiziangalia. Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyechora ramani ya ujenzi ulioanza 1593, aliijua kazi yake. Simama kwenye handaki kavu upande wa mjini, uangalie juu. Sehemu ya chini si ukuta wa kujengwa, ni mwamba wenyewe wa matumbawe uliochongwa. Mawe na chokaa vinaanzia juu yake. Halafu angalia zile pembe nne kubwa zilizochomoza nje. Ukuta ulionyooka una kasoro moja: adui akiufikia chini kabisa, aliye juu hamwoni. Pembe zikichomoza, mizinga ya pembe moja inafagia mguu wa ukuta unaoelekea pembe nyingine, na adui hana pa kujificha. Tena pembe mbili kubwa zinaelekea nchi kavu, si baharini. Wajenzi walimwogopa mwenye mji kuliko mgeni wa chombo.

Basi adui akawa njaa, maradhi na fitina. Waomani walipoizingira mnamo Machi 1696, waliokimbilia ndani wengi walikuwa watu wa pwani hii hii, si Wareno. Msaada ulifika kutoka Goa mwishoni mwa mwaka, lakini tauni ikawamaliza watu. Katikati ya 1697 Wareno walikuwa wamekufa karibu wote, na aliyeshika ngome ni Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake, Waafrika wachache wanaume, na wanawake waliopanda ukutani kupigana. Faza na Pate, miji ya kisiwa kimoja, walikuwa mahasimu, Pate ikawa upande wa Waomani, kwa hiyo kumwita Bwana Daud kibaraka wa Wareno ni kurahisisha mambo mno. Msaada mwingine ukaja, na manowari Santo António de Tanná ikazama mbele ya ngome mwaka huo huo. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake viko kwenye jumba la makumbusho humo ndani. Waomani walipopanda ukuta Desemba 1698, walikuta watu wachache mno.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Wareno walirudi 1728, wakatolewa mwaka uliofuata. Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, wakatawala kutoka humo mpaka ugomvi wa ukoo ulipomfungulia njia Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837. Ni 1875 tu ambapo mizinga ya manowari za Waingereza ilimfanya mshika ngome, Al-Akida, aliyemwasi sultani wa Zanzibar, asalimu amri. Toka 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela. Makumbusho yalifunguliwa 1960.

Usitoke bila kuona michoro ya askari wa Kireno iliyokuwa ukutani: merikebu na watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Mchoraji hodari hakuwamo, lakini kamba za milingoti zimechorwa na mtu aliyewahi kuzipanda. Hao ndio waliokuwa wakingojea msaada wa Goa, na walichochora ni vyombo.

Njoo asubuhi, mawe hayajashika moto. Na viatu viwe vya kukanyagia vizuri, ngazi za kushukia upande wa bahari zinateleza.