Meditesheni kwa watoto wadogo: maana yake na jinsi ya kuianza

Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 7, meditesheni ni zoezi la kuelekeza akili kwenye kitu kimoja, kutambua kwamba imetoroka, kisha kuirudisha. Kukaa kimya kama sanamu si sharti. Na ukimwambia "usifikirie chochote", umempa kazi ambayo hata mtu mzima haiwezi.

Pumzi haionekani, kwa hiyo mpe kitu cha kutazama. Mlaze chali mkekani, mwekee kidoli chepesi tumboni, akitazame kikipanda anapovuta pumzi na kushuka anapoitoa. Pumzi 5 zinatosha kwa kuanzia. Mwache apumue kwa mwendo wake. Hapa ndipo wengi hukosea: humhimiza "vuta kwa nguvu, tena, tena", naye anapumua haraka kupita kiasi, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na kichwa kinaanza kumzunguka. Ikitokea, mkalishe, aache zoezi.

Walimu wengi hukadiria dakika 1 kwa kila mwaka wa umri. Sisi tunauona huo kuwa upeo, si mahali pa kuanzia. Nusu dakika kila siku kabla ya kulala ni bora kuliko dakika 20 za Jumamosi.

Akishazoea, ingieni kwenye kokoto 4, zoezi la Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam, mmoja wa waanzilishi wa monasteri ya Plum Village nchini Ufaransa mwaka 1982. Mtoto hushika kokoto kiganjani, hupumua mara 3, huiweka chini na kuchukua nyingine. Ya kwanza ni ua, yaani uchangamfu. Ya pili mlima, uimara. Ya tatu maji yaliyotulia. Ya nne anga pana, uhuru. Chagua kubwa zisizomezeka.

Kufumba macho kuwe hiari, maana mtoto aliyepitia jambo la kutisha huweza kuingiwa na hofu. Mwenye pumu naye huenda akahangaika akiambiwa aifuatilie pumzi. Hao wape sauti: gonga kengele, wainue mkono mlio ukiisha kabisa.

Tafadhali, zoezi hili lisiwe adhabu. Mfundishe akiwa na furaha, ili siku ya hasira awe tayari analijua.

Pia lisitangazwe kuwa dawa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2022, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari, haukuona waliopewa mafunzo ya aina hii wakiwazidi kwa afya ya akili wenzao waliofundishwa kama kawaida. Wengi wa waliopewa mafunzo hayo hawakufanya mazoezi nyumbani. Mtoto asiyelala au mwenye hofu kwa wiki kadhaa apelekwe kwa daktari.