Spea Mpya kwenye Pikipiki ya Zamani: Kuingia si Kufaa

Tangu kituo chetu cha ukaguzi kianze kutoa maelezo ya maandishi kwa kila pikipiki inayokataliwa, malalamiko yameongezeka, na mengi yanafanana: mmiliki ametumia fedha zake, amefungiwa spea mpya kabisa, fundi amemhakikishia kwamba kazi imekwisha, kisha mkaguzi akaandika kuwa chombo hakifai kuingia barabarani. Baadhi yao wamefikia hitimisho kwamba wakaguzi tunapinga vipuri mbadala, yaani vile ambavyo havikutoka kwa kiwanda kilichounda pikipiki yenyewe. Hitimisho hilo si sahihi. Pikipiki yenye umri wa miaka 25 au 30 mara nyingi haina tena vipuri vya kiwandani mwake sokoni, na vipuri mbadala ndivyo vinavyoiweka hai. Tunachokikataa ni kipuri kilichoingia mahali pake bila kufaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mnyororo. Minyororo ya pikipiki ndogo huandikwa namba kama 420 au 428, nazo ni vipimo, si majina ya biashara. Tarakimu ya kwanza hueleza umbali wa pini hadi pini kwa sehemu za nane za inchi. Nne za nane ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo 420 na 428 zinalingana katika umbali huo. Tofauti iko kwenye upana wa ndani: mnyororo wa 420 una milimita 6.35, na wa 428 una takribani milimita 7.94. Ndiyo maana mnyororo wa 428 hukaa bila ubishi juu ya sproketi (gurudumu la meno linalobeba mnyororo) iliyochongwa kwa ajili ya 420, gurudumu likazunguka vizuri pikipiki ikiwa imeegeshwa, na kila mtu akaridhika. Barabarani mnyororo huo hucheza upande kwa upande, hula meno na hatimaye huweza kuruka. Vivyo hivyo, mnyororo mpya wa kipimo sahihi ukifungwa juu ya sproketi kuukuu ambazo meno yake yamepinda kama ndoana, utalika upesi sana, kwa sababu meno hayo yalikwisha kujizoesha urefu wa mnyororo uliochakaa. Seti hubadilishwa yote kwa pamoja. Na klipu ya kiungo, kwa mara nyingine tena, hufungwa upande wake uliozibwa ukielekea mnyororo unakokwenda, si upande wenye mwanya.

Breki za nyuma za dramu, ambamo viatu hutanuka na kusugua ndani ya bakuli la gurudumu liitwalo dramu, ndizo zinazotupa kazi kubwa zaidi. Mmiliki hununua viatu vya breki, ambavyo mafundi huviita breki shuu, akiamini kwamba breki hafifu hutokana na shuu zilizolika peke yake. Katika pikipiki ya zamani, dramu nayo imelika kwa miaka yote hiyo, na kipenyo chake cha ndani kimepanuka. Watengenezaji wengi huandika ndani ya dramu kipenyo cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Ukishapita hapo, hakuna shuu mpya itakayoponya. Shuu iliyotengenezwa kwa kipenyo cha awali hugusa sehemu ya katikati tu ya uso wake, breki hushika kidogo, na dereva hukaza nati ya kurekebishia hadi mkono wa breki unapita pembe yake ya kufanyia kazi, mahali ambapo nguvu ya mguu hupotea. Kila mara tunaambiwa kwamba shuu ni mpya. Hatukuuliza kama ni mpya. Tumepima nguvu ya breki kwenye gurudumu, na kipimo kimeonyesha kwamba haitoshi.

Kuna jambo lingine kuhusu shuu za zamani ambalo wasomaji wanaofanya matengenezo wenyewe wanapaswa kulizingatia. Shuu nyingi za miongo iliyopita zilitengenezwa kwa kuchanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa huweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipewa hadi mwaka 2005 kuipiga marufuku kwa ujumla, lakini dramu ambayo haijafunguliwa kwa miaka mingi bado inaweza kuwa na vumbi hilo. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Liloweshwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa.

Kuhusu plagi, kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda, nitasema kwa ufupi. Urefu wa sehemu yenye nyuzi hutofautiana, na vipimo vya kawaida ni milimita 12.7 na milimita 19. Plagi ndefu kwenye kichwa cha silinda kilichotengenezwa kwa plagi fupi huweza kugongana na pistoni. Plagi fupi mahali pa ndefu huacha nyuzi zijae kaboni, na siku ya kufunga ile iliyo sahihi haiingii. Aidha, namba ya joto, inayoonyesha jinsi plagi inavyopoa, haina maana moja kwa watengenezaji wote: kwa NGK na Denso, namba kubwa humaanisha plagi inayopoa zaidi, ilhali kwa Bosch maana hiyo hugeuka. Kuchagua plagi kwa kulinganisha namba za kampuni mbili bila jedwali la ulinganisho ni kubahatisha.

Umeme wa pikipiki za zamani unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa makosa yake hayaonekani kwa macho. Baadhi ya pikipiki hizo hutumia volti 6, na nyingine zina platini (vigusio vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche) badala ya kifaa cha elektroniki cha kuwashia. Hata penye kifaa hicho, ambacho wengi hukiita CDI, kuna kile kinachopata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneto (kifaa cha injini kinachozalisha umeme) na kile kinachoupata kutoka kwenye betri. Soketi zao huweza kufanana kabisa, na bado kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Vilevile, taa kubwa ya mbele iliyoundwa kwa balbu ya wati 35 huvuta takribani ampea 3 kwenye volti 12. Ukiweka balbu ya wati 60, unazitaka waya zilezile kuukuu zibebe ampea 5, na magneto ileile izalishe umeme ambao haikuundwa kuuzalisha. Mwanga ulioongezeka katika wiki ya kwanza usikudanganye, kwani betri ndiyo inayolipia.

Sasa nije kwenye alama za uidhinishaji, eneo lenye uvumi mwingi kuliko yote. Vipuri vingi vya usalama, vikiwamo taa, matairi na baadhi ya pedi za breki, hubeba herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba. Alama hiyo inatokana na kanuni za Umoja wa Mataifa chini ya Mkataba wa mwaka 1958 kuhusu vyombo vya moto. Namba iliyo kando ya E si daraja la ubora. E11 haizidi E4 kwa chochote, wala si bora kuliko E1. Namba hutaja nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Tena haisemi kipuri kimetengenezwa wapi. Kiwanda kinaweza kuwa bara jingine kabisa. Tumewahi kupokea barua ndefu ya mmiliki aliyelalamika kwamba aliuziwa tairi la daraja la nne. Hakuuziwa kitu cha namna hiyo.

Kwenye tairi, kinachostahili kusomwa ni tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Zikiwa 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa rafuni miaka mingi huitwa jipya dukani, lakini mpira wake umekwisha kukakamaa. Kisha soma namba ya mzigo: 47, kwa mfano, ni kilo 175 kwa tairi moja, na isiwe chini ya ile iliyopangwa na kiwanda cha pikipiki.

Utaratibu wa ukaguzi ni kama ufuatao, na tunaomba usomwe kwa makini kwa sababu ndio chanzo cha mabishano mengi. Kasoro tunazigawa katika madaraja matatu. Kasoro ndogo huandikwa kwenye fomu, na cheti hutolewa kwa sharti la kurekebisha. Kasoro kubwa huzuia cheti hadi ukaguzi wa marudio, ambao huhusu sehemu iliyoandikwa pamoja na kila sehemu iliyofunguliwa ili kuifikia; kwa hiyo aliyebadilisha shuu asishangae gurudumu zima la nyuma likipimwa upya, kuanzia beringi hadi mpangilio wa mnyororo. Kasoro ya hatari humaanisha kwamba pikipiki haiendeshwi kutoka kituoni. Hubebwa, au husukumwa injini ikiwa imezimwa. Haiendeshwi taratibu, haiendeshwi kwa kupita pembeni, na haiendeshwi kwa sababu nyumbani ni karibu. Mwenye kukaidi hujiweka katika kosa la pili, lililo tofauti na lile la kasoro yenyewe, na makosa hayo mawili huandikwa kila moja peke yake.

Injini ni suala la pekee. Kubadilisha pistoni kwa saizi kubwa zaidi baada ya kuchonga silinda, kwa kawaida kwa hatua za milimita 0.25, hakuhitaji taarifa kwa mamlaka ya usajili iwapo ujazo unabaki ndani ya daraja lililosajiliwa. Kubadilisha injini nzima, au kasha la injini lenye namba, ni jambo tofauti: mmiliki aende na stakabadhi ya ununuzi na kadi ya usajili, injini ikaguliwe, na namba mpya iingizwe kwenye kumbukumbu kabla pikipiki haijarudi barabarani. Makasha mapya mengi huuzwa yakiwa hayana namba. Hiyo si ruhusa ya kugonga namba ya zamani kwa patasi na nyundo uani. Namba iliyogongwa bila idhini, hata ikiwa ndiyo namba halisi, hushughulikiwa kama namba iliyoghushiwa, pikipiki hushikiliwa, na mzigo wa kuthibitisha nia njema humwangukia mmiliki. Kampuni ya bima nayo inaweza kukataa dai iwapo injini iliyopata ajali siyo iliyoandikwa kwenye mkataba. Wenye pikipiki za zamani sana wataona kwamba namba ya fremu haifiki herufi na tarakimu 17 ambazo mifumo ya sasa huzitarajia. Iandikwe kama ilivyo; sifuri zisiongezwe ili kujaza nafasi.

Mwisho, kipuri kilichotolewa kisitupwe kabla ya ukaguzi wa marudio. Kije pamoja na pikipiki, kikiambatana na kifungashio cha kile kipya. Vikilazwa mezani sambamba, mkaguzi hupima vyote viwili na kuandika tofauti kwenye fomu, na nakala hiyo ndiyo mmiliki anayoweza kwenda nayo kwa muuzaji kudai kipuri chenye kipimo sahihi.