“Soon” si “sasa hivi”

Mzee mmoja, jirani yetu hapa Langoni, aliletewa barua ya Kiingereza iliyosema kwamba malipo yake yatatoka “soon”. Kijana aliyemsomea akamwambia, “Babu, walipwa sasa hivi,” na mzee akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi hiyo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

“Soon” ni kielezi cha wakati chenye maana ya baada ya muda mfupi, na ufupi wenyewe haupimwi. Kijana, hata hivyo, asingekosea lau barua ingeandikwa miaka elfu moja iliyopita. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilikuwa “sona”, na maana yake ilikuwa papo hapo, bila kungoja. Baadaye lililegea, kwa kuwa binadamu huahidi “papo hapo” hali bado amekaa kitako. Wala halikulegea peke yake: “anon” na “presently” yalipita njia hiyo hiyo, na “by and by”, ambalo leo ni la mtu asiye na haraka, katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ndilo analolitumia binti wa Herodia anapodai apewe kichwa cha Yohana hapo hapo. Ukali wa zamani umesalia katika “as soon as”, ambayo sisi huifasiri “mara tu”.

Nakiri kwamba “sasa hivi” yetu nayo imeanza kulegea. Nahodha wa boti pale jeti ya Mokowe huitamka huku nusu ya viti ni vitupu, na hakuna abiria anayeharakisha kumaliza chai yake. Lakini huo ni mzaha tunaouelewa sote, na barua haina mzaha.

Wengine hukimbilia “hivi karibuni”, nayo ni nzuri, ila hutazama pande mbili: husemwa kwa aliyefika juzi na kwa atakayefika kesho kutwa, ilhali “soon” hutazama mbele tu. Kwa hiyo kitenzi lazima kionyeshe wakati ujao. Mzee angeambiwa, “Babu, utalipwa hivi karibuni, lakini siku hawakuitaja,” na kanzu ingebaki sandukuni.